Jumanne Zote za Idwal

Leo nakabidhi funguo za chumba nambari kumi na nne.
Kaseti mia tatu na sita nimezipanga sakafuni,
migongoni mwao mwandiko wangu wa ujana,
ule wa mviringo, uliokuwa bado unaamini.

Ya kwanza: Bethesda, Machi, mwaka wa themanini na tatu.
Mvua inapiga dirisha la wodi,
na humu ndani ya utepe
miaka arobaini haijaanuka.

"Hii ni nini?" nauliza, sauti nyembamba kama ya mtahiniwa.
Picha ya kijiko.
"Jumanne," anajibu Idwal Pritchard.
"Na hii?"
Picha ya paka.
"Jumanne."

Alikuwa fundi wa kuezeka. Alianguka kutoka paa la kanisa
akiwa na kigae cha mwisho mkononi,
na kigae, mkewe aliniambia, hakikupasuka.
Kilichopasuka kilikuwa upande wa kushoto, juu ya sikio,
pale maneno yanapolala.
Hakuanguka Jumanne. Niliuliza.

Kwa Kiwelisi chetu neno hubadili herufi yake ya kwanza
likiketi karibu na neno jingine,
kama mtu avuavyo kofia apitapo mlangoni pa mwenzake.
Mimi nilikwenda kuzihesabu kofia.
Aliyepokonywa maneno, je, adabu yake hubaki?
Ndilo lililokuwa swali la tasnifu yangu, na lilikuwa swali zuri.
Idwal akanipa Jumanne,
haina kofia, haina wa kumvulia.

Miaka kumi na mmoja nilipanda basi kila wiki kwenda kwake
(siku za Jumatano; chuo hakikunipa nyingine).
Nilikipima kimya chake kwa saa ya mkononi:
sekunde nne, sekunde tisa,
mara moja sekunde hamsini, chai ikapoa.
Nikaandika makala. Nikazisoma Utrecht, nikazisoma Oslo,
wakanipigia makofi watu wenye maneno mengi.
Nikawa daktari, nikawa mhadhiri, nikawa profesa.
Idwal akapata neno moja:
kijiko.
Kwenye jedwali niliandika: ongezeko la asilimia mbili.
Jikoni kwao, Nesta mkewe alifungua chupa
iliyokuwa imewekewa harusi ya binti yao.

Alipofariki, Nesta aliniandikia mistari mitatu.
Wa mwisho ulisema: "Ilikuwa Alhamisi.
Hata zamani hakuwa mtu wa kufika kwa wakati."

Sasa nazisikiliza tena kabla hazijaingia sandukuni.
Kaseti ya pili. "Jumanne,"
na nyuma yake, mbali na kinasa sauti, mwanamke:
"Anasema kuna baridi, fungeni dirisha."
Kaseti ya tano. "Jumanne."
"Anauliza kama umekula."
Kaseti ya sitini. "Jumanne!"
Kimya kidogo. "Hilo, mwanangu, sikutafsirii,"
na wanacheka wote wawili, mmoja kwa upande mmoja wa mdomo.

Nafungua daftari nione nilivyonakili.
Pembeni, kwa kalamu nyekundu,
ukurasa baada ya ukurasa:
sauti nyingine, isihesabiwe.

Kijana wa kubeba masanduku anabisha hodi.
Namwambia asubiri, akae popote, asogeze vitabu.
Nachora mstari katikati ya karatasi,
safu mbili sasa,
naanza na kaseti ya tano.

Idwal: Jumanne.
Nesta: Anauliza kama umekula.

Nilikuwa sijala.
Nilikuja na basi la saa moja na nusu asubuhi, tumbo tupu,
na mahali popote katika kurasa zile zote
sikuandika kwamba aliuliza,
wala kwamba mkate ulikuja, na siagi,
na kijiko cha jamu
ambacho hakuna aliyenitaka nikitaje jina.